Pole Tuliyochelewa Kuipeleka

Sifa namrudishia Mungu, aliyenitoa kwetu Kongo nikiwa sina kitu mkononi, akanivusha mipaka minne, akaniacha nizeeke hapa Durban nikiwa bado na meno ya kutafunia na akili ya kukumbuka. Namshukuru kwa chumba changu cha ghorofa ya sita hapa Albert Park, kwa lifti inayofanya kazi siku inazotaka yenyewe, na kwa majirani alionipa bila mimi kuwaomba. Haya ninayoandika yanamhusu mmoja wao, pamoja na Jumamosi moja ambayo mimi niliipanga vibaya na yeye Mungu akaipanga vizuri.

Jirani huyo ni mama mjane, Mrundi, anayesuka nywele katika saluni iliyo chini ya jengo letu. Mlango wake na wangu inatazamana. Kwa miaka kumi na moja tumesali pamoja, tumekopana chumvi, na mke wangu alipolala hospitali ni yeye aliyenipikia. Anaye binti mmoja, ambaye wakati huo alikuwa na miaka ishirini na tatu na alikuwa akifanya kazi kwenye duka la simu. Binti alikuwa amependana na kijana wa Kikongomani anayekaa Queensburgh, fundi wa umeme, mtoto mwenye adabu. Kwa kuwa baba wa binti alikwisha kufariki na wajomba wako mbali, mimi mzee wa kanisa ndiye niliyewekwa kuwa baba yake katika mambo ya posa.

Wazee wa upande wa kijana walikuja kwangu mara mbili kuuliza siku ya kuja rasmi. Mara mbili nilivuka korido kwenda kumuuliza mama, na mara mbili akanijibu neno lilelile.

"Mzee, nyumba yangu bado iko na kilio. Nitapokea wageni wa furaha vipi?"

Kwao Burundi kilio humalizwa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku chache baada ya maziko. Mara ya pili ni baadaye, pengine mwaka ukipita, ndugu wanapokusanyika, wakamtaja aliyekwenda, wakala na kunywa pamoja. Kuanzia hapo nyumba inaweza tena kufanya sherehe. Jirani yangu hakufanya hata ile ya kwanza. Mtoto wake wa kwanza, msichana mdogo, alifariki katika kambi ya wakimbizi kule Tanzania, wakati wa kuhara kukubwa. Mama mwenyewe alikuwa amelazwa kwenye hema jingine, hajitambui. Alipopata nguvu ya kusimama, mtoto alikuwa amekwisha kuzikwa pamoja na wengine, na hakupatikana mtu wa kumwonyesha ni wapi. Binti huyu wa sasa alizaliwa baadaye. Alijua tu kwamba alikuwa na dada. Jina hakulijua, wala mimi sikulijua.

Nilijaribu kumsaidia kwa njia niliyoizoea. Nilisoma chuo cha theolojia miaka mitatu, nikafundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, kwa miaka mingi, na ninaweza kueleza habari ya ufufuo kwa saa nzima bila karatasi. Nilimweleza. Alinisikiliza kwa heshima, akasema, "Amina, mzee," akaniongezea chai. Siku iliyofuata nyumba yake ilikuwa na kilio kama jana yake.

Mara ya tatu wazee wa kijana hawakuja na maneno mengi. Walinipa mpaka mwisho wa mwezi wa tisa. Hawakuwa wakali. Walisema tu kwamba kijana hawezi kukaa hivi mwaka mwingine, na kwamba kama mama hataki, ni afadhali aseme. Binti aliposikia alikuja kwangu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatazama vidole vyake. "Papa, mimi sitamkimbia mama yangu," alisema. "Lakini pia sijui ninamlilia nani."

Maneno hayo niliyabeba kifuani wiki nzima.

Sasa, zamani nilipofika hapa nililinda magari nje ya kiwanda kimoja huko Jacobs, upande wa kusini, kwenye moshi na malori. Kila siku nilipita kando ya geti la chuma lenye miti mirefu nyuma yake, nikidhani ni makaburi ya kawaida. Mwezi ule wa nane nilikwenda huko kumsalimu rafiki wa kazi ya zamani, mvua ikanikuta, nikaingia getini kujikinga. Ndani palikuwa na bustani, na pembeni nyumba ndogo ya makumbusho. Mama mmoja mzungu, mzee kama mimi, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, alinikaribisha akanipa taulo. Ndipo nilipojua kwamba pale palikuwa kambi. Wakati wa vita vya Waingereza na Makaburu, zaidi ya miaka mia iliyopita, wanawake na watoto wa Makaburu waliletwa kwa treni wakawekwa pale katika mahema na vibanda, na watoto wengi walikufa kwa surua na homa. Mama yule alikuwa akipatunza bila mshahara. Watoto watatu wa mama aliyemzaa bibi yake wamelala pale.

Nilirudi nyumbani nikiwa na wazo. Nikasema, nitawapeleka akina mama wa kanisa wakaone. Sisi tuliokaa kambini huwa tunadhani kambi ni kitu cha watu kama sisi peke yetu. Si vibaya kujua kwamba wengine pia walipita hapo na wajukuu wao sasa wanatunza bustani. Sikutegemea kwamba jirani yangu angekuja. Hajawahi kukanyaga mahali panapozungumzia kambi. Hata redio akisikia neno hilo huizima.

Jumatano moja ya mwezi wa tisa, baada ya maombi, nilitangaza. Nilisema hivi, na ninakumbuka kila neno kwa sababu ndipo nilipokosea: "Jumamosi tutakwenda Jacobs, mahali watoto wengi walipofariki kambini. Kuna mama anayekaa pale. Ndugu zake watatu wamo." Nikafunga kwa sala, nikaenda kulala nikijiona nimepanga jambo la elimu.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilishuka na kofia yangu na kalamu mfukoni. Mlangoni pa jengo niliwakuta akina mama tisa wamevaa vitenge vya msiba, vile vya rangi ya kahawia vya chama chao. Miguuni mwao kulikuwa na sufuria mbili zimefungwa kwa blanketi, thermosi nne, ndoo ya vikombe, mikeka iliyoviringishwa, na gunia la mkaa.

"Mama Prezidenti," nilimwambia kiongozi wao, muuza vitenge kutoka Bukavu, mwanamke ambaye sauti yake hufika kabla yake. "Hii yote ni ya nini?"

"Ya kilio, Papa. Ulitaka twende mikono mitupu?"

"Kilio gani? Tunaenda musée, makumbusho!"

"Musée ya nini tena? Wewe mwenyewe ulisema iko mama amefiwa. Watoto watatu!"

"Watatu wa mama ya bibi yake! Ni zaidi ya miaka mia moja!"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mtoto asiyefundishwa. "Na katika miaka hiyo yote, nani kutoka kwetu alienda kumpa pole?"

Wenzake walikuwa wanacheka nyuma ya mikono. Mmoja akasema, "Papa amesoma sana, kilio anakiita musée." Kisha nikaona, nyuma yao wote, akiwa ameshika mfuniko wa sufuria kubwa usiteleze, jirani yangu.

Nilimsogelea. "Umekuja, mama?"

"Walinipa kazi ya maharage," alisema. "Mtu aliyefiwa hawezi kukaa bila kuletewa chakula, mzee. Hata kama mimi mwenyewe…" Alipanda gari na sufuria yake.

Nilielewa hapo hapo kwamba kama ningetangaza vizuri, kwa usahihi, asingekuja. Nikafunga mdomo wangu.

Dereva wa taksi tuliyokodi, kijana Mzulu, alitazama vile vitenge na zile sufuria akashusha sauti ya muziki. "Eish, baba," aliniuliza kwa Kiingereza, "nani amefariki?" Kabla sijafungua kinywa, Mama Prezidenti akamjibu kutoka nyuma, "Watoto!" Kijana akavua kofia. Aliendesha polepole hadi Jacobs, na kwenye kila robot, zile taa za barabarani, aliposimama alijigusa kifua.

Mama wa makumbusho alitutazama tukishuka. Nilimwona akihesabu masufuria kwa macho. Alikuja akaniambia kwa upole kwamba ndani hairuhusiwi kula. Nilimwambia tunajua, chakula ni cha baadaye, na kwamba akina mama hawa wana jambo kwanza. Sikuweza kueleza zaidi, maana walikwisha kujipanga mstari.

Walipita mbele yake mmoja mmoja. Kila mmoja alimshika mkono kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Pole, mama. Pole sana." Wa tisa alikuwa jirani yangu. Alimshika tu mkono, akakaa nao muda mrefu kuliko wengine.

"Wanasema nini?" mama mzungu aliniuliza.

"Wanakupa pole."

"Kwa nini?"

"Kwa watoto."

Alinitazama kuona kama namtania. "Lakini hiyo ilikuwa zamani sana. Mimi mwenyewe sikuwa nimezaliwa."

Nilitafsiri. Mama Prezidenti akasogea mbele. "Mwambie atusamehe tumechelewa. Tulikuwa mbali. Habari haikutufikia."

Nilimwambia neno kwa neno. Mama mzungu akatafuta kiti kwa mkono, akaketi, akavaa miwani yake, akaivua tena. "Miaka yote niko hapa," alisema, "watu wanakuja na kamera. Wengine wanakuja kubishana nani alikuwa na makosa. Hakuna mtu aliyewahi kunipa pole." Akatoa leso. Akina mama wakaketi chini kwenye sakafu safi ya makumbusho, miguu imenyooshwa, kama inavyopasa kwenye nyumba ya mfiwa. Kikao kile kilikuwa kizuri. Kilikuwa kama sala ambayo haina mtu wa kuiongoza.

Baadaye alitutembeza. Kulikuwa na picha za mahema yaliyopangwa kwa mistari, kikombe cha bati, kofia ya mtoto ya kitambaa iliyogeuka njano. Akina mama walizitazama picha na kutambua kila kitu. "Hii foleni ni ya maji." "Hapana, ya unga, angalia mifuko." "Huyu aliyesimama pembeni ndiye mwenye orodha, angalia anavyojiona." Wakacheka, na mama mzungu alipotafsiriwa akacheka pia, akasema barua za zamani zinamtaja mtu wa namna hiyo.

Mama Prezidenti hakuficha la moyoni. "Na watu weusi? Vita hivyo havikuwachukua?"

Mama mzungu hakukwepa. Alisema watu weusi nao waliwekwa katika kambi zao, sehemu nyingine za nchi, na walikufa wengi sana. Alituonyesha ubao mmoja mdogo ukutani. "Majina yao mengi hayakuandikwa," alisema. "Hili linaniumiza. Sina cha kuandika hapo." Ubao ulikuwa karibu mtupu. Jirani yangu alisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya picha zote.

Ukuta wa mwisho ulikuwa wa majina ya waliolala pale, pamoja na umri. Mama mzungu aliweka kidole kwenye majina matatu yaliyofuatana. Tisa, sita, mwaka mmoja na nusu. Ndipo jirani yangu aliposema kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

"Mzee, muulize makaburi yao ni yapi."

Nikauliza. "Yako nje kwenye bustani," alijibu, "lakini sijui ni yapi. Misalaba ilikuwa ya mbao, ikaoza. Baadaye wakaweka jiwe moja la wote."

"Na mama yao? Alimalizaje kilio bila kaburi?"

Mama mzungu akasema, "Hakukimaliza. Vita vilipoisha alirudi shambani, nyumba ilikuwa imechomwa. Akazaa mtoto mwingine, ndiye bibi yangu. Hakumwambia kamwe kwamba alikuwa na ndugu watatu. Bibi alikulia katika nyumba ambamo hakukuimbwa, hakukuwa na sikukuu, na hakujua ni kwa nini. Alidhani mama yake hampendi. Mama yake alipokufa, bibi alifungua kitabu cha ibada cha familia akakuta majina matatu yameandikwa nyuma ya jalada. Alikuwa na miaka arobaini. Aliniambia alikasirika mpaka uzee. Hakuwakasirikia waliokufa. Alimkasirikia mama yake kwa kumnyima habari zao."

Nilitafsiri polepole, na nilipofika mwisho nilimwona moyoni yule binti kwenye kiti changu cha plastiki akitazama vidole vyake. Sikuongeza neno langu hata moja. Hilo ni jambo ambalo chuo hakikunifundisha. Nimejifunza kwa kuzeeka.

Jirani yangu alisema tu, "Kwa hiyo yule aliye hai aliishi kwenye kilio cha watu asiowajua."

"Ndiyo," alisema mama mzungu.

Tulitoka nje hadi bustanini. Mikeka ikatandikwa chini ya miti, mkaa ukawashwa, maharage yakapashwa moto. Kwetu mfiwa ndiye anayepakuliwa kwanza, kwa hiyo sahani ya kwanza ilikuwa ya mama mzungu: ugali, maharage, na lengalenga, ndio mchicha wa kwetu. Aliyempakulia na kumnawisha mikono ni jirani yangu. Mimi nilibariki chakula kwa Kiswahili, na nadhani nilisali vizuri kwa kuwa nilisali kifupi. Mama mzungu alikula kwa mkono, akajimwagia mchuzi kwenye sketi, akasema maharage haya yamepikwa na mtu anayejua. Kisha akamgeukia aliyeyapika, akamuuliza, na mimi nikatafsiri: "Na wewe, mama, ulimpoteza nani?"

Akina mama wote wakaacha kutafuna. Tulikuwa tunajua kwamba swali hilo haliulizwi.

Jirani yangu alifunika sufuria. Akapangusa mikono kwa kitenge, kidole kwa kidole. Halafu akataja jina. Jina fupi la Kirundi, ambalo katika miaka kumi na moja ya kusali pamoja sikuwahi kulisikia. "Alikuwa na miaka minne," alisema. "Alikuwa anavaa viatu vya baba yake na kutembea navyo mlangoni, vikilia kwa! kwa! kwa! Watu wa hema la jirani walikuwa wanamwita askari."

Mama mzungu alijaribu kulirudia lile jina. Alilivunja vibaya. Jirani yangu akatikisa kichwa, akalitamka tena. Akalivunja tena, namna nyingine. "Hapana, hapana," jirani yangu alisema, na sasa alikuwa amemshika kidevu kama anavyomshika mteja wa saluni asiyetulia, "fungua mdomo. Hivi." Mara ya tatu lilitoka sawasawa. Mama Prezidenti akapiga kigelegele, tukacheka wote, na jirani yangu akacheka huku machozi yakimdondokea kwenye mfuniko wa sufuria. Kisha kila mama pale kwenye mkeka akalitaja lile jina kwa zamu yake. Mimi nililitaja wa mwisho.

Tulipokuwa tunakusanya vyombo alinijia. "Mzee, wale watu wa kijana wamekupa mpaka lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Zimebaki Jumapili mbili. Hii ya kesho nitamaliza kilio. Ile ya pili waje."

Jioni hiyo alimwita binti akamweleza yote. Sikuwepo, lakini binti alinisimulia mwenyewe. Alisema kwanza alikasirika, akamwambia mama yake, "Miaka yote hiyo, mama, jina tu ulishindwa kunipa?" Mama hakujitetea. Alimwomba msamaha, jambo ambalo wazazi wa kwetu hulifanya mara chache. Halafu binti akauliza, "Hivyo viatu vilikuwa vya rangi gani?" Wakaendelea kuzungumza mpaka chai ikapoa, wakachemsha nyingine.

Jumapili ile tulimaliza kilio katika chumba cha jirani yangu, milango yote miwili ikiwa wazi kwa kuwa watu hawakutosha ndani. Binti ndiye aliyesimama kumtaja dada yake, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye lifti. Jumapili iliyofuata wazee wa kijana walipanda ghorofa sita kwa miguu, lifti ikiwa imekataa, wakafika wakihema na kulalamika. Mama aliwapokea mlangoni mwenyewe, amevaa kitenge cha manjano ambacho sijui alikuwa amekiweka wapi. Aliwaambia, "Karibuni. Nyumba iko tayari." Mimi, niliyekuwa nimeandaa hotuba, niliikunja nikaiweka mfukoni, maana hakukuwa na la kuongeza.

Ewe unayesoma haya, popote ulipo na kwa lugha yoyote unayosali, Mungu akutunzie waliokutangulia na wale ulio nao bado. Akupe kinywa cha kuwataja, na watu wa kukusikiliza wasio na haraka. Na kama kuna pole uliyochelewa kuipeleka, akupe miguu ya kwenda nayo. Amina.